Kuitafuta M87 kwa darubini ndogo: pitia kwa majirani kwanza

Mimi ni fundi redio, Kondoa mjini. Darubini niliyo nayo aliniuzia mwalimu mmoja mgeni aliyekuwa akirudi kwao: bomba fupi lenye kioo cha milimita 130, urefu wa fokasi milimita 650, na lenzi mbili za kuchungulia, moja ya milimita 25 na nyingine ya milimita 10. Inakaa juu ya kiti cha mbao kinachozunguka. Haina mota wala kompyuta. Nayaandika haya kwa mwenye chombo cha namna hiyo, au kinachokaribia, kwa sababu nilipoanza kuitafuta galaksi (mkusanyiko mkubwa mno wa nyota) inayoitwa M87, yaani ya 87 kwenye orodha ya mwanafalaki Mfaransa Charles Messier, nilipoteza miaka miwili nikiangalia kitu kingine.

Nilikuwa nimesoma kwamba M87 ni galaksi kubwa iliyokaa katikati ya kundi la galaksi la Virgo. Nikajiambia, basi itakuwa ndiyo inayong'aa kuliko zote huko. Nikapapasa anga kwa bomba, nikakuta doa moja lililoiva kuliko mengine, nikaandika daftarini "M87" na kupiga mstari chini yake. Kumbe ilikuwa M49, iliyo digrii nne na kitu kusini mwa M87. M49 inaizidi M87 kwa mng'ao, kidogo tu, lakini katikati ya kundi si kwake. Nilikuja kugundua siku nilipojaribu kuchora majirani wa ile niliyoiita M87: kila ramani ilisema pembeni, upande wa magharibi, kuna galaksi mbili zimekaa pamoja. Mimi nilikuwa sioni hata moja.

Na mimi fundi redio nilipaswa kujua. Stesheni dhaifu ya masafa mafupi haitafutwi kwa kuzungusha kitufe ovyo na kukamata inayopiga kelele zaidi. Unaanzia stesheni unayoijua, unasogea kutoka hapo.

Lini

Anza na kalenda. Sehemu hiyo ya anga iko juu yetu saa sita usiku mwishoni mwa Machi, wakati ambao mvua ndiyo yenye anga. Huku kwetu katikati ya nchi mvua huwa zimekatika ikifika Mei, kwa hiyo msimu wangu ni nusu ya pili ya Mei na Juni yote. Tarehe 1 Juni M87 inafika juu kabisa kama saa mbili na nusu usiku. Katikati ya Juni inafika saa moja na nusu, giza bado halijakolea.

Lakini usihangaike nayo ikiwa juu kabisa. Hapa Kondoa inapita digrii 17 tu kutoka utosini, na kiti cha aina yangu kikielekezwa huko hakizunguki vizuri: unasukuma bomba linagoma, ukilazimisha linaruka na kupitiliza. Iache kwa muda wa saa mbili hivi iteremke upande wa magharibi. Katikati ya Juni, kuanzia saa tatu na nusu hadi saa tano kasoro, iko mahali pazuri, shingo haiumii.

Walioko pwani masika yao yanachelewa kuisha, wao wangoje majira ya kaskazi. Mwanzoni mwa Februari M87 iko juu kabisa saa kumi alfajiri. Utaamka kama mtu wa daku, ila bila futari ya kungojea.

Mwezi usiwepo. Mimi natumia kalenda ya Kiislamu iliyobandikwa ukutani dukani: kuanzia tarehe 26 hadi tarehe 3 ya mwezi unaofuata, kazi inafanyika. Tarehe 14 baki nyumbani.

Na taa zisiwepo. Mjini niliweza kuiona M49 na M87 kwa shida, nyingine zote zilimezwa. Sasa naenda shambani kwa shemeji, upande wa Kolo, na koti zito, kwa kuwa Juni kule baridi haina mchezo. Neno moja kwa wanaoangalia vijijini: toa taarifa kwa mjumbe wa nyumba kumi kabla hujaenda. Mwaka wa kwanza mama mmoja jirani wa shemeji aliona kitaa chekundu kikitembea shambani usiku, na maneno yaliyozunguka asubuhi sitayarudia hapa. Siku ya tatu yake tukamwita, akachungulia Zohali na pete zake, yakaisha.

Kile kitaa chekundu ni tochi ya kawaida niliyoifunika kwa kipande cha kifuniko cha taa ya nyuma ya pikipiki, na karatasi ndani ili ififie. Macho yanahitaji nusu saa gizani ndipo yafunguke sawasawa, na ukiwasha simu mara moja tu unaanza upya. Wanaosema "nimeangalia sikuona kitu" wengi wao simu ilikuwa mkononi.

Njia

Nyota za kushika ni mbili. Ya kwanza ni mkia wa Simba, ile kundinyota ambayo waliosoma falaki wanaiita Asadi. Jina lake la kimataifa, Denebola, limetokana na Kiarabu hichohicho, mkia wa simba. Ya pili ni Vindemiatrix, katika Sumbula, yaani Mashuke, ndiyo hiyo Virgo ya vitabu vya Kizungu. Hii si nyota kali. Ili kuipata, tafuta kwanza Simaki, nyota kali ya rangi ya chungwa upande wa kaskazini-mashariki, ambayo vitabu vya Kizungu vinaiita Arcturus. Chora mstari wa mawazo kutoka Simaki hadi mkia wa Simba: Vindemiatrix iko usawa wa katikati ya mstari huo, ila imejivuta kusini.

Sasa mstari mwingine, kutoka mkia wa Simba hadi Vindemiatrix. Urefu wake ni digrii 18, karibu ngumi mbili ukiwa umenyoosha mkono. Weka bomba katikati kabisa ya mstari huo, ngumi moja kasoro kutoka kila upande. Hapo kwa macho hakuna kitu. Ni weusi mtupu, na ndiyo maana watu wanakata tamaa.

Tia lenzi ya milimita 25. Kwenye darubini yangu inakuza mara 26, na kinachoonekana kwa mkupuo ni karibu digrii mbili za anga, sawa na miezi minne iliyopangwa mstari. Usitie ile ya milimita 10 kwa sasa, utapotea. Zungusha fokasi mpaka nyota ziwe nukta kali, kisha usogeze bomba taratibu, upana wa kidole kwa kidole, kuzunguka pale katikati. Unatafuta madoa mawili yaliyokaa karibu, nafasi kati yao ikizidi kidogo nusu ya upana wa mwezi. Ni kama taa mbili za basi la usiku linalotoka Babati, bado liko mbali, ndani ya ukungu. Hizo ni M84 na M86, na ukizipata umefika mjini.

Namna ya kuangalia nayo ni kazi. Usikodolee doa moja kwa moja, maana katikati ya jicho ni dhaifu gizani. Tazama pembeni yake kidogo, doa litajitokeza lenyewe. Likikataa, gonga bomba polepole kwa kidole, kwani jicho linashika kitu kinachocheza upesi kuliko kilichotulia.

Mpwa wangu, mara ya kwanza kuchungulia, alinyamaza kidogo akasema, "Mjomba, lenzi ina alama ya kidole." Sikumlaumu. Kipimo ni rahisi: sukuma bomba kidogo. Alama ya kidole inabaki pale pale, galaksi inahama pamoja na nyota.

Sasa ujanja ambao sikuuona popote, niliugundua kwa uvivu wangu. Ukishaiweka M86 katikati, ondoa mikono, usiguse kitu. Darubini isiyo na mota haifuati anga, hivyo dunia inavyozunguka, nyota zinatiririka na kutoka nje upande wa magharibi, na vilivyo mashariki vinaingia. M87 iko mashariki ya M86, na kusini kidogo. Angalia saa. Baada ya dakika moja na nusu hivi utaona doa linachungulia ukingoni. Ikikaribia dakika ya tano limefika usawa wa katikati, limeteremka kusini zaidi ya nusu ya njia ya kwenda ukingoni. Hilo ndilo lenyewe. Hukulitafuta, limeletwa. Na kwa kuwa umelifikia kupitia majirani, huwezi kulichanganya na M49 kama nilivyofanya mimi.

Ukishaona, sogeza bomba uiweke katikati na uhakikishe. M87 ni ya duara, kiini chake kimekolea, na kuanzia hapo inafifia taratibu bila mpaka, hujui imeishia wapi. Usiku ukiwa msafi kweli, upande wa kusini-magharibi kuna kidoa kingine, galaksi ndogo inayoitwa NGC 4478 (NGC ni orodha nyingine ya vitu vya anga). Mimi kilinichukua usiku wa tatu kukiona, tena kwa lenzi ya milimita 10. Ule mshale wa mwanga unaouona kwenye picha, ukichomoka kutoka katikati, usiutegemee kwenye chombo cha ukubwa huu. Heber Curtis ndiye aliyeuandika kwanza, mwaka 1918, na yeye alikuwa anasoma sahani za picha za darubini kubwa ya Lick huko Kalifornia.

Ulichokiona

Galaksi yetu, Njia Nyeupe, ni sahani yenye mikono inayojipinda, yenye gesi na vumbi ambamo nyota mpya zinazaliwa. M87 si sahani. Ni galaksi duaradufu, mpira wa nyota zinazopita huku na huku kila moja kwa njia yake, kama nyuki kwenye mzinga uliofunguliwa. Nyota zake nyingi ni za kale, za rangi ya manjano na wekundu, na gesi baridi ya kutengenezea nyingine imebaki kidogo sana. Vishada vya nyota vya mviringo vinavyoizunguka vinakadiriwa kuwa 12,000 na zaidi, na sisi kwetu tunavyo kama 150.

Kwa nini iwe hivyo? Hapa ndipo mahali pake kwenye kundi panapoeleza. Kundi la Virgo lina galaksi zaidi ya 1,000, nyingi zikiwa vijigalaksi visivyoonekana kwa chombo changu. Mahali palipojaa hivyo galaksi zinapitiana karibu na kuvutana, na zikigongana polepole zinaungana, sahani zinavurugika, kinachobaki ni mpira. Aliye katikati ndiye anayeangukiwa na wengi. M87 ilikua kwa kumeza. Na ukitembeza darubini utaona kwa macho yako: pale katikati, M84, M86, M87, madoa laini ya duara au yai. Zile zenye mikono, M88, M90, M58, zimekaa zaidi kandokando. Kwa bomba la milimita 130 mikono huioni, lakini M88 na M90 utaona ni ndefu, kama punje ya mchele, si duara.

Kingine kinachowapata wanaoingia mjini ni upepo. Nafasi kati ya galaksi za kundi haiko tupu, imejaa gesi nyembamba sana yenye joto la mamilioni ya digrii, inayotoa eksirei. Galaksi yenye mikono ikipita ndani ya gesi hiyo kwa kasi, gesi yake inapeperushwa nje, kama pumba kwenye ungo. M90 imekwisha kupoteza nyingi. Na gesi hiyo ya moto ndiyo iliyonitoa shaka kuhusu M87 na M49. Satelaiti ya ROSAT, iliyorushwa mwaka 1990, iliichora ramani yake: imejazana zaidi kuizunguka M87. Inakusanyika pale uzito wote wa kundi unapoivutia, haijali galaksi ipi inang'aa. M49 ina rundo lake dogo huko kusini, kama mtaa wenye mwenyekiti wake.

M86 nayo ni kisa. Karibu kila galaksi inaenda mbali nasi, na M87 inaenda kwa kilomita karibu 1,280 kwa sekunde. M86 inakuja, kwa kilomita zaidi ya 200 kwa sekunde. Inaangukia ndani ya kundi kutokea upande wa nyuma, na mwanguko huo unailetea kasi ya kuja huku kwetu. Kwa hiyo zile taa mbili za basi, ukizitazama, kumbuka moja inaondoka na nyingine inakuja.

Mwanga wa M87 unatumia miaka karibu milioni 54 kutufikia. Kuna anayependa kuwaambia watoto kwamba mwanga huu uliondoka enzi za dinosau. Hapana. Wale wa Tendaguru kule Lindi waliishi miaka milioni 150 iliyopita, na wa mwisho duniani walikwisha miaka milioni 66 iliyopita. Huu uliondoka baadaye.

Kwa fundi redio kuna jambo jingine. M87 ni stesheni. Mwaka 1949, huko Australia, John Bolton, Gordon Stanley na Bruce Slee walitangaza kwamba vyanzo vitatu vya mawimbi ya redio kutoka angani vimejulikana ni vitu gani, na kimoja, Virgo A, kilikuwa hii M87. Antena yao ilikuwa juu ya mwamba wa bahari pale Dover Heights, Sydney, ikipokea wimbi moja kwa moja kutoka angani na lilelile likiwa limedunda baharini. Mawili yanapokutana yanaongezana na kufutana. Aliyewahi kuhangaika na redio inayokuja na kupotea usiku anaijua tabia hiyo, wao wakaigeuza kuwa kipimo.

Kinachoyatia nguvu mawimbi hayo ni shimo jeusi lililo ndani kabisa, kitu chenye mvuto mkali hata mwanga haukitoki. Aprili 2017 darubini za redio za Hawaii, Arizona, Mexico, Chile na Hispania zilielekezwa M87 kwa pamoja kwenye wimbi la milimita 1.3, na picha ikatolewa tarehe 10 Aprili 2019: pete ya mwanga na weusi katikati. Uzito wa shimo hilo ni sawa na majua bilioni 6.5. Kituo cha Ncha ya Kusini kilikuwa kwenye mtandao huohuo lakini M87 hakikuiona, kwake haichomozi kamwe. Sisi inatupitia karibu na utosi.

Ukishaiona, usifunge

Wengi wakiipata wanapiga kelele, wanaita watu, wanafunga. Rudi M86, uiweke katikati, uachie tena. Safari hii usifuate M87, iache ipite. Charles Messier aliziandika M84 hadi M91 zote usiku mmoja, tarehe 18 Machi 1781, na yeye alikuwa akiwinda nyota zenye mkia, yaani kometi, hizi kwake zilikuwa kero za kuepuka tu. Wewe utazipata baadhi kwa kukaa kimya.

Dakika ya tano M87 inapita upande wa kusini. Kisha kuna weusi, na hapo wasio na subira wanagusa bomba. Karibu dakika ya tisa na nusu inaingia usawa wa katikati M89, ndogo, ya duara, duaradufu nyingine. Dakika moja na kidogo baadaye, upande wa pili wa katikati, inakuja M90, ndefu na hafifu. Mpwa wangu ndiye mshika saa. Anahesabu kwa sauti, mimi nimebana jicho kwenye lenzi, na shemeji anauliza kutoka kwenye moto wake kama tumemaliza. Tunamwambia bado, M90 haijafika.